Nusu Iliyolowa

Wanaosema atomu hazionekani hawajawahi kuwa na wifi mwenye saluni.

Siku ya ukaguzi, mwalimu wa kemia alikwenda kazini na kichwa alichokuwa hajakizoea. Nywele zilinyooka, ziling'aa na zilimgusa mabega kila alipogeuka, hata mara mbili alidhani kuna mtu anamgusa akataka kuitika. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyezipiga pasi jana yake mchana kutwa, kisehemu baada ya kisehemu, kitana kikitangulia na pasi ya nywele ikifuata, huku shingo ya mwalimu ikiuma kama ya aliyetua gunia.

Wifi huyo alikuwa na saluni ya viti viwili kando ya barabara, na mtaa mzima ulimwita Bi Kitana. Alijaliwa mikono mizuri na mdomo mkali, akavitumia vyote kwa pamoja.

"Wifi, nisikilize kwa masikio yote mawili," alisema alipomaliza, akimgeuza kwenye kiti atazame kioo. "Kesho alasiri mpiga picha anakuja. Kichwa hiki ndicho kitakachokaa kwenye bango langu jipya. Nimekutoza hela? Sijakutoza. Basi maji yasikiguse. Si mvua, si jasho, si machozi. Huyo mkaguzi akikuliza, vumilia, lia baada ya picha."

"Nimeshalia vya kutosha, wifi. Yamekauka."

"Afadhali. Maji ni adui." Bi Kitana alianza kukunja waya wa pasi, kisha akasita. "Hebu, wewe uliyesoma, nieleze kitu. Miaka yote hii nauliza, hakuna anayenijibu. Pasi inanyoosha nywele, tone moja la maji linazirudisha. Dawa nayo inanyoosha, lakini hata ukamtumbukize mtu mtoni, hazirudi. Kunyooka si kule kule? Kwa nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. "Ni suala la muundo wa protini, wifi. Kuna miunganisho ya aina mbalimbali baina ya minyororo ya polipeptidi, ambayo kutokana na tofauti ya nguvu za..."

"Basi, basi!" Bi Kitana aliinua kitana juu. "Nimeuliza swali, sijaomba dawa ya usingizi."

Ulikuwa utani wa mawifi, wala hauna kesi. Lakini ulimwingia mwalimu mpaka kwenye mifupa, kwa sababu wanafunzi wake nao, wakidhani hajui, walimwita Mwalimu Usingizi.

Tena kulikuwa na zaidi ya utani. Shule mbili zilikwisha kumwachisha kazi, na zote mbili zilitumia sentensi ile ile, kana kwamba wakuu wake walikaa meza moja: anajua, lakini hajui kufundisha. Shule hii ya tatu ilimpokea kwa muhula mmoja tu wa majaribio. Mkuu wa shule hakumficha. Alimwambia siku ya kwanza kwamba mkaguzi wa wilaya atakuja, ataketi nyuma ya darasa kipindi kimoja, akisema ndiyo utabaki, akisema hapana tutaagana vizuri. Shule ya nne haikuwepo. Hapo pakimshinda, angetafuta kazi nyingine, na kazi nyingine hakuitaka hata kwa dawa.

Maana mwanamke huyu alizipenda atomu kama wengine wanavyopenda mpira. Mumewe aliwahi kumkuta jikoni ameinama mbele ya bomba, sufuria inaungua nyuma yake, anatazama tone la maji linaloning'inia bila kuanguka. "Linajishikilia," alisema, macho yanameremeta. "Unaona? Kila molekuli imemshika jirani yake!" Mume aliliona tone, akaona na wali ulioungua, akafunga bomba. Huyo ndiye aliyekuwa ndani yake. Lakini akisimama mbele ya ubao, baina ya mdomo wake na masikio ya watoto mapenzi yale yote yalifia njiani, yakafika maneno matupu.

Asubuhi ya ukaguzi kulikuwa na manyunyu. Chumba cha walimu na maabara vilitenganishwa na uwanja usio na paa. Mwalimu alisimama kizingitini, akamkumbuka Bi Kitana, akapekua mkoba wake na kutoa mfuko wa nailoni wa sokoni. Akauvaa kichwani kama kofia, akafunga vishikio vyake chini ya kidevu, akakata uwanja mbio na vitabu kwapani. Mkuu wa shule, aliyekuwa akimsindikiza mkaguzi kwa mwavuli, aliona kitu chenye vitunguu vilivyochorwa juu yake kikipita kwa kasi, akaamua kutouliza. Mlangoni mwa maabara mwalimu aliuvua mfuko, akajipapasa. Pakavu. Hakujua kwamba mfuko ule ulikuwa na tundu upande wa kulia.

Maabara ilikuwa na meza ndefu za saruji, masinki matatu, na bomba moja lililokubali kutoa maji. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, suti ya kijivu, nywele amezivuta nyuma na kuzikaza kwa mafuta mazito mpaka nyusi zikapanda kidogo. Alikataa kiti cha mwalimu, akachukua stuli nyuma kabisa. Stuli hiyo ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila alipoinama kuandika ililia: tok.

"Leo," mwalimu alianza, "tutaangalia umbo la molekuli ya maji. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni, zilizoungana kwa kushirikiana elektroni. Umbo lake limepinda kwa nyuzi mia na nne na nusu." Akachora. Tok. "Sababu yake ni jozi mbili za elektroni zisizoshiriki, ambazo zinasukuma jozi shirika." Tok. Mtoto wa mstari wa pili alipiga miayo, ikamwambukiza jirani, ikasafiri meza nzima kama habari ya msiba. Tok, tok. Mwalimu alisikia sauti yake mwenyewe ikizidi kuwa nyembamba. Alijua. Hakuna anayejua kwamba anazama kuliko yeye anayezama.

Ndipo kicheko kilipotoka meza ya mbele. Alikuwa msichana mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwahi kuzimika tangu aandikishwe shule. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka.

"Kuna nini?" mwalimu aliuliza.

"Samahani, mwalimu. Nywele zako." Redio alionyesha kwa kidole, upande wa kulia. "Zinarudi!"

Darasa lililokuwa likisinzia likaamka lote. Mwalimu alipeleka mkono kwenye panja. Pale palipokuwa laini asubuhi palikuwa na kipilipili kimoja, kimejikunja, kimekaa imara kama mwenye nyumba. Kicheko kililipuka. Uso ulimwaka moto. Aliona bango la wifi yake likiporomoka, aliona na sentensi ile ya shule mbili ikija kumchukua kwa mara ya tatu, akatamani sakafu ipasuke.

Kidole chake kilikuwa bado kimeshika kile kipilipili. Kilikuwa kimelowa kidogo tu. Tone moja la maji linazirudisha. Kwa nini?

Moyo ulimruka. Si kwa hofu! Ulimruka kama jikoni siku ile ya tone la bombani, kwa sababu swali la Bi Kitana na mchoro ulioko ubaoni nyuma yake vilikuwa kitu kimoja, na yeye, mjuzi wa vitabu vyote vile, alikuwa amevitazama kwa siku mbili bila kuvikutanisha.

"Zinarudi wapi?" alimwuliza Redio.

Redio aliacha kucheka. Alidhani amekosea. "Zilikotoka, mwalimu."

"Nani amezirudisha?"

"Maji. Umenyeshewa."

"Sawa! Maji yamefanya nini huko ndani?" Mwalimu aligeukia darasa zima. "Tone dogo hivi. Yamezivuta? Yamezisukuma? Pasi ya moto imefanya kazi mchana kutwa, tone limeishinda kwa dakika chache. Tone lina nini?"

Macho yote yalikuwa wazi. Mwalimu alitupa chaki mezani, ikakatika, hakuijali.

"Njooni wawili hapa. Wewe na wewe. Mimi ni oksijeni. Pembezoni mwangu nina elektroni sita, na roho yangu haitulii mpaka nipate nane. Ninyi ni haidrojeni, kila mmoja ana moja, anatamani mbili. Nani atampa mwenzake?"

"Hakuna!" mtoto mmoja alisema. "Wote maskini."

"Wote maskini! Basi tunafanyaje?"

"Tunachanga," alisema Redio.

"Tunachanga! Wewe weka moja, mimi niweke moja, tutumie sote wawili. Nipe mkono. Na wewe huku. Huo ndio muungano, hauna uchawi. Sasa mimi nina nane, kila mmoja wenu ana mbili, tumeridhika." Alisimama katikati, ameshika mtoto kila upande, mikono imenyooka. "Lakini mimi nilikuwa na sita, nimechanga mbili. Nne ziko wapi?"

"Umebaki nazo."

"Nimebaki nazo, jozi mbili, mgongoni kwangu, na elektroni hazipendani. Mmewahi kulala watoto wanne kitanda kimoja? Kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa makalio! Jozi zangu mbili za mgongoni hazijashikwa na mtu, zimetanua miguu, zinasukuma mikono yangu hivi, mbele." Mikono yake ilisogezwa mbele mpaka akapinda kama mtu anayetaka kukumbatia pipa. "Hilo ndilo umbo la maji! Yamepinda kwa sababu kitandani hapatoshi."

Nyuma ya darasa stuli ililia tok, kisha ikanyamaza.

"Halafu mimi oksijeni ni mroho. Nasema tunachanga, lakini zile elektroni za mchango nazivutia kwangu. Hawa wawili wanabaki nusu uchi, wanahisi baridi, wanamtafuta yeyote mwenye elektroni za kuwasetiri. Kwa hiyo maji ni mdaku. Hayawezi kumpita mtu bila kumshika mkono. Mnanielewa?"

"Ndiyo!" Si ile ndiyo ya kuitikia. Hii ilitoka tumboni.

"Sasa tutengeneze unywele! Kumi wasimame!"

Viti viliburutwa. Akawapanga safu mbili zinazotazamana. Ndani ya unywele mmoja, alisema, kuna nyuzi ndefu zisizohesabika, na nyuzi hizo zimeshikana kwa namna mbili. Ya kwanza ni salfa kwa salfa. Hiyo akawafanya washikane viwiko, lakini si ana kwa ana: wa kwanza wa huku alimnasa wa tatu wa kule, wa nne akamnasa wa pili, hata safu zote mbili zikapinda kama barabara ya mlimani. "Huo ndio mkunjo wenu. Mmezaliwa nao. Namna ya pili ni haidrojeni inayomgusa jirani yake kwa mbali. Hiyo ni ncha za vidole tu. Gusaneni na aliye karibu."

"Hii si nguvu, mwalimu," kijana mmoja alilalamika, akicheza na ncha za vidole vya mwenzake. "Inaachia hata nikipiga chafya."

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Subiri uone vikiwa elfu! Redio, njoo, wewe ni pasi."

Redio hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alipita katikati ya safu akipuliza shiii kwa meno, mikono inachoma kila upande, na kila alipopita vidole viliachiana. Mwalimu aliwavuta wa mwanzo na wa mwisho mpaka safu zikanyooka, viwiko vikakazwa, watoto wakigumia. "Pasi imeondoka, mmepoa. Gusaneni tena na aliye karibu sasa!" Vidole vikapata majirani wapya.

"Mnaumia viwiko?"

"Tunaumia!"

"Mbona hamrudi kwenye mkunjo wenu?"

Walitazamana. "Vidole vinatuzuia," alisema yule aliyelalamika, kwa mshangao wa kweli.

"Vidole vinawazuia! Nywele zangu ziko hivyo hivi sasa, zimenyooka huku zinaumia viwiko. Haya, maji!"

Watatu watatu, wamepinda kama alivyopinda yeye, waliobaki walijipenyeza katikati ya safu, na kila mdaku alinyakua vidole vya huku na vya kule. Vidole vilipohama tu, viwiko vilivuta. Safu ziliruka. Watoto wakarudi kwenye upinde wao kwa kishindo, wengine wakaangukiana juu ya meza ya saruji, na kelele zilizopigwa zilimfanya mwalimu wa jiografia chumba cha pili afunge dirisha.

"Hebu tuone kweli!" Redio alipiga kelele. "Maji ya kweli!"

Mwalimu alitazama bika, ile glasi ya maabara iliyokuwa kando ya sinki, imejaa maji. Alimwona Bi Kitana kwenye kioo, kitana juu. Si mvua, si jasho, si machozi. Alimtazama na mkaguzi, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama hewani. Kisha akawatazama watoto, wote, hata wa mstari wa pili, walivyoegemea mbele midomo wazi, wakimsubiri yeye. Hakuwahi kusubiriwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Akainamisha kichwa upande wa kulia juu ya sinki, akamimina.

Alipoinuka, maji yalimtiririka shingoni na kuingia kwenye kola. Halafu, mbele ya macho yao, nywele za kulia zilianza kupanda. Zilijikunja kuanzia nchani, zikafupika, zikavuka shingo, zikavuka sikio, kila moja ikitafuta pete yake, huku za kushoto zimelala begani kimya kama hazijui lililowapata jirani zao. Darasa likalipuka. Mmoja alipanda juu ya kiti. Mwingine akapaza sauti, "Mwacha asili ni mtumwa!" na wakacheka mpaka wakapaliwa.

Redio peke yake alikuwa amekunja uso. "Mwalimu, mbona za dada yangu hazirudi? Yeye aliweka dawa. Anaogelea na hazirudi."

Swali la Bi Kitana, neno kwa neno! Mwalimu alijifuta jicho. "Unadhani dawa imegusa nini?"

Redio alitazama vidole vyake. Akatazama kiwiko chake. "Viwiko," alisema polepole. "Imekata viwiko."

"Imekata viwiko! Vile vya salfa, na vikishakatwa hivyo havishikani tena. Maji yatavurugana na vidole yapendavyo, hakuna kilichobaki cha kuzivuta. Laiti tungepata mwenye dawa tukalinganisha..."

Tok.

Mkaguzi alikuwa amesimama. Darasa lilikufa ganzi, kwa kuwa lilikuwa limemsahau. Alitembea katikati ya meza, viatu vyake vikisikika, akafika kwenye sinki, akaweka kalamu chini.

"Zangu zina dawa," alisema. Kisha akashusha sauti, lakini kila mtu alisikia. "Na sijairudia kwa muda mrefu. Kazi nyingi. Ndiyo maana nazikaza hivi." Alichomoa pini moja, ya pili, ya tatu. "Mficha uchi hazai. Mimina, mwalimu."

Mwalimu alimimina. Mafuta mazito yalishuka na maji. Wakangoja. Nywele za mkaguzi zililala vile vile, ndefu, zimenyooka, zinachuruzika. Na hapo mashinani, karibu na ngozi, upana wa vidole viwili, kitu kikaanza kusogea.

"Mungu wangu," alisema mwalimu. Alisahau ukaguzi, alisahau kazi. Alishika unywele mmoja, mmoja tu. "Naomba, mama?" Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akang'oa mwenyewe. Mwalimu aliuinua mbele ya dirisha, na watoto wakamzunguka hata wakamkanyaga. Unywele ulikuwa mmoja. Sehemu yake ya chini ilishuka wima kama uzi wenye jiwe. Sehemu ya juu, ile fupi, ilijisokota.

"Hii ilikuwepo dawa ilipokuja," mwalimu alisema, akigusa chini. "Haina viwiko. Na hii iliota baadaye. Haijawahi kukutana na dawa, ina viwiko vyake vyote. Kichwa kile kile, maji yale yale, unywele ule ule! Kilichobadilika ni nani kamshika nani. Basi! Kemia yote ni hiyo, watoto wangu, nani kamshika nani na kwa nguvu gani, na umbo linafuata."

Kengele ililia. Hakuna aliyeondoka. Ilibidi kengele ya pili iwatoe, na hata hivyo hawakwenda mbali: walikwenda kwenye bomba la uwanjani. Mkuu wa shule alipotoka ofisini alikuta darasa zima la kemia limeinamisha vichwa chini ya maji, wengine wanapimana nywele kwa rula, Redio amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa anatoa mhadhara, na katikati yao mkaguzi wa wilaya, nywele zimemlowa hadi kwenye suti.

"Mwalimu!" Mkuu alimwona mwalimu, nusu kichwa hivi, nusu vile. "Haya ni mambo gani?"

"Ni kipindi cha kemia, mkuu," mkaguzi alijibu badala yake, akikamua nywele zake kama anayekamua kitambaa. "Uliniambia shule mbili zilisema huyu anajua lakini hajui kufundisha. Nimekuja kuona. Nusu ya kwanza ni kweli, ya pili nitaifuta. Mtamwajiri. Na mtengeneze ile stuli."

Mwalimu alisema ahsante, nadhani alisema, kwa kuwa midomo ilisogea. Machozi yaliyokauka yalikuwa yamepata njia. Yalishuka upande wa kushoto, yakafika kwenye nywele zilizobaki kavu, na kipilipili kingine kikainuka.

Furaha hiyo yote ilimfikisha mpaka kwenye kona ya saluni. Hapo akapunguza mwendo. Mpiga picha alikuwa amekwisha kufika, amefunga kitambaa cheupe ukutani, na Bi Kitana amevaa gauni lake la sherehe. Aligeuka na tabasamu. Tabasamu likaanguka.

"Umeniua," alisema. "Wifi, umeniua nikiwa nimesimama. Nilikuambia nini?"

"Si mvua, si jasho, si machozi."

"Na wewe?"

"Vyote vitatu. Na bika."

Bi Kitana alimshika kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Alikuwa na hasira ya haki, maana kazi ya mchana kutwa ilikuwa imemwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Alitamka mambo juu ya ukoo mzima wa mwalimu ambayo mpiga picha alijifanya hayasikii. Mwalimu aliyapokea yote. Kisha akasema, "Wifi, ulikuwa na swali. Nimekuja na jibu."

"Jibu litakaa kwenye bango?"

"Nipe kiwiko chako."

"Nikupe nini?"

"Kiwiko, wifi. Na wewe, kaka wa picha, njoo, wewe ni maji."

Sijui kwa nini Bi Kitana alikubali. Labda swali lilikuwa limemkaa rohoni muda mrefu kuliko hasira. Alitoa kiwiko, mwalimu akakinasa kwa chake, wakagusana ncha za vidole, wakavutana katikati ya viti viwili vya saluni, na mpiga picha akajipenyeza kati yao amepinda kama alivyoelekezwa. Vidole vikaachia. Viwiko vikavuta. Bi Kitana akayumba akaja kumwangukia wifi yake kifuani, akabaki hapo hapo, kinywa wazi.

"Na dawa," alisema ndani ya bega la mwalimu, "dawa inakata hiki." Akatikisa kiwiko.

"Inakata hicho."

"Ndiyo maana nikiosha..." Akajitoa, akatazama mikono yake, akatazama pasi iliyoning'inia ukutani, chupa za dawa rafuni, sinki, kana kwamba ameingizwa kwenye duka lake kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana! Miaka yote hii, wifi! Ndiyo maana!" Akaanza kucheka, akampiga mwalimu mgongoni mpaka maji yakaruka. Kisha akamgeukia mpiga picha. "Unangoja nini? Mpige hivyo hivyo alivyo. Nusu na nusu. Nani mwingine mjini ana bango lenye maelezo?"

Bango lilipanda wiki ile ile: uso wa mwalimu, kulia mkunjo, kushoto mnyoosho, na tabasamu la mtu aliyebakizwa kazini. Watoto walilipita wakienda shule, na jina la Usingizi likafa lenyewe bila kuzikwa.

Siku moja mwalimu alipita akitoka kazini, akakuta mlango wa saluni uko wazi. Mteja mmoja alikuwa kwenye kiti, taulo shingoni, analalamika kwamba kapigwa pasi juzi na mvua imemrudisha, je, pasi ilikuwa mbovu? Mwalimu alikuwa na jibu mdomoni. Alishaweka mguu kizingitini.

"Pasi haina kosa, dada," alisema Bi Kitana. Aliweka kitana chini, akakunja mikono yake mbele kama mtu anayetaka kukumbatia pipa. "Tuanze na maji. Unajua maji yamepinda? Niulize kwa nini, basi, mbona huniulizi kwa nini?"

"Kwa nini?" aliuliza mteja.

"Kwa sababu kitandani hapatoshi. Sogea, nikuonyeshe."

Mwalimu aliurudisha mguu wake nje taratibu, akasimama barabarani chini ya picha yake mwenyewe, akasikiliza kipindi chote mpaka mwisho. Hakikuwa na kosa hata moja.